Waya Mweupe wa Pili

Kwa miaka tisa mama mkwe wangu hakuwahi kuniangalia usoni, wala mimi sikuwahi kumwangalia yeye. Hatukuwa tumegombana. Kwao, Wagogo wa Makutupora, mwanamume na mama wa mkewe hawakutanishi macho, hawali pamoja, hawashikani mikono. Wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake, na mara nyingi anayepisha ni mama. Mimi natoka kusini, ambako mama mkwe hukufuata mpaka jikoni kukuuliza kwa nini binti yake amekonda. Nilipoelezwa desturi hiyo kabla ya harusi nilicheka, nikawaambia wenzangu kwamba nimepata bahati ambayo wao wanaiombea kanisani na msikitini. Siku hizi sicheki.

Mimi ni fundi umeme. Natunza jengo moja la ofisi mjini, pale Makole, na nyumbani kwangu ni Mkonze. Wikiendi nafanya vibarua vya kufunga nyaya kwenye nyumba za watu, na majirani wananiita fundi hata kwenye misiba. Nalitaja hilo kwa sababu mtu asiyejua umeme angekuwa na kisingizio. Mimi sina.

Baba mkwe alipofariki alimwachia mama shamba la mizabibu, mistari michache ya zamani inayozaa vizuri na kipande kitupu pembeni. Mama akaamua kipande kile kisikae bure, akapanda miche mipya kiangazi kikiwa kinakaribia. Mche wa mzabibu ukiwa mdogo unataka maji kila siku mpaka mizizi ishike, na ardhi ya Makutupora inakunywa maji kama haijawahi kuyaona. Kisima kilikuwepo. Kila jioni mama alikuwa anateka kwa ndoo, akizunguka mche mmoja baada ya mwingine, mwanamke aliyekwisha kupata wajukuu sita.

"Wewe ni fundi wa watu wote," mke wangu aliniambia siku moja huku akikunja nguo, hata hakuniangalia. "Mama yangu anateka kwa ndoo."

Nikatafuta pampu. Niliyoipata ilikuwa imetumika, ila nzima, na ilitaka volti ishirini na nne. Juu ya bati la mama kulikuwa na paneli moja ya sola ya volti kumi na mbili, ile aliyoifunga marehemu kwa ajili ya taa na kuchaji simu. Nikaongeza betri mbili za maji, kama zile za gari, kila moja volti kumi na mbili, nikaziweka kwenye kibaraza cha nyuma. Tatizo lilikuwa wazi. Paneli ile haiwezi kuchaji volti ishirini na nne, na pampu ile haizunguki kwa volti kumi na mbili. Basi betri zilipaswa kupangwa namna mbili kwa siku. Mchana zinaunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa kama betri moja kubwa ya volti kumi na mbili na jua linazijaza. Jioni zinaunganishwa kwa mfuatano, chanya ya moja inashikana na hasi ya nyingine, volti zinajumlishwa na pampu inavuta maji hadi kwenye tangi.

Kwa kuanzia nilitengeneza nyaya tatu fupi zenye vibanio vya chuma kwenye ncha. Mbili nilizifungia kitambaa cheupe, hizo ni za kuchaji. Moja niliifungia kitambaa chekundu, hiyo ni ya kupiga kazi. Sheria ilikuwa moja tu: nyeupe zote mbili zitoke kwanza, ndipo nyekundu iingie. Mweupe hata mmoja ukibaki umeng'ata na mwekundu ukagusa, betri moja inajikuta chanya yake imeshikana na hasi yake yenyewe. Hapo cheche zinaruka, na betri iliyochajiwa kutwa nzima inatoa hewa inayoshika moto haraka kuliko petroli.

Somo hilo nilimfundisha mama nikiwa nimesimama nyuma ya ukuta. Yeye alikuwa ndani, mimi nje upande wa pili wa dirisha, na mke wangu katikati akibeba maneno ingawa kila mtu alikuwa anamsikia mwenzake.

"Anasema nyeupe mbili zitoke kwanza," mke wangu alisema.

"Nimemsikia," mama alijibu. "Mwambie nimeelewa. Wakati wa kula zinakula sahani moja. Wakati wa kazi mmoja anapanda begani kwa mwenzake."

Sijawahi kusikia mwalimu yeyote wa chuo cha ufundi akieleza vizuri hivyo. Nilitamani kumwambia. Badala yake nikamwambia mke wangu, naye akamwambia, na mama akacheka kule ndani.

Nilijua nyaya zile si kazi ya kumwachia mtu. Nikaahidi kwamba zingekuwa za majuma mawili tu, mpaka nipate chenjiova, ile swichi kubwa ya kugeuza. Ina mkono mmoja. Ukiwa juu betri zinachaji, ukiwa chini zinapiga kazi, na hata ukilazimisha, mkono hauwezi kuwa juu na chini kwa pamoja. Mtoto anaweza kuitumia. Nikaagiza Dar es Salaam, na kweli ikaja ndani ya majuma mawili.

Ilifika wakati umeme ulikuwa unakatika Mkonze kila jioni na michuano ya mpira ilikuwa imepamba moto. Nyumbani nami nilikuwa na betri zangu mbili za kuendeshea televisheni, zenye tatizo lilelile la kuchaji kwa namna moja na kutumia kwa namna nyingine, na nilikuwa nimechoka kuhamisha nyaya kila umeme ukikatika huku penalti inapigwa. Nikasema niifunge kwangu kwa muda, michuano ikiisha nitaipeleka. Waswahili husema mganga hajigangi. Mimi nilijiganga kwanza, wagonjwa wakasubiri.

Michuano ikaisha. Swichi ikabaki ukutani, juu kidogo ya televisheni, na mkono wake mweusi. Kila nilipoiona nilijiambia wiki ijayo. Baadaye sikuiona tena, kama mtu asivyouona ukuta wa nyumba yake.

Mama aliuliza mara tatu kupitia kwa binti yake. Mara ya kwanza nilisema Dar wamesema zimekwisha. Mara ya pili nilisema imekuja, ila ya aina nyingine. Mara ya tatu mke wangu alinyoosha kidole ukutani, akauliza kama ile haifai. Nikamwambia ile ni ya ndani tu, ya mama lazima iwe kubwa zaidi. Nilisema kwa sauti ya kifundi, na yeye hakuwa fundi, akakubali. Ule uongo wa tatu ndio unaonichoma zaidi, maana niliutumia ujuzi wangu kumnyamazisha mke wangu juu ya mama yake.

Na desturi ikanifaa. Mtu mwingine angeulizwa uso kwa uso na angebabaika. Mimi nilikuwa na ukuta. Watu wa ukoo walinisifu kwamba natoka mbali lakini naheshimu mila kuliko hata vijana wao, kumbe nilikuwa najificha humohumo kwenye heshima.

Siku yenyewe bosi wangu alikuwa na wageni na alitaka zabibu za Makutupora, zile zinazochumwa na kuliwa siku hiyohiyo. Nikasema hilo si tatizo, mama mkwe wangu analima. Nikapiga simu kwa jirani yake, mama mmoja wa shamba la pili, anichumie ndoo moja shambani kwa mama. Nikapanda pikipiki mchana ukielekea kuisha.

Mkwe akienda kwa mama mkwe ana utaratibu wake. Anasimama mbali, anakohoa, au anaita mtu amtangulie aseme fulani anakuja. Mama anapata muda wa kuacha alichokuwa anakifanya, kujifunga vizuri na kuingia ndani. Miaka tisa nilikuwa nafanya hivyo. Siku ile nilikuwa na haraka. Niliacha pikipiki barabarani, nikakata katikati ya mizabibu kwa kuwa ni karibu, nikatokeza nyuma ya nyumba bila kukohoa.

Mama alikuwa kibarazani, ameinamia betri. Kichwa kilikuwa wazi, kanga ameifunga kiunoni kwa ajili ya kazi. Alisikia majani, akainua uso, na kwa mara ya kwanza tukaonana. Sijui nani aliona aibu zaidi. Mimi niligeuza shingo nikatazama mizabibu, yeye akakimbilia ndani akivuta kanga kichwani. Lakini kabla sijageuza shingo niliona mkono wake. Alikuwa ameshika waya mmoja mweupe.

Ningependa kuandika kwamba sikuelewa nilichokiona. Nilielewa palepale. Mweupe mmoja umetoka, mwingine bado umeng'ata betri, na mtu amekatishwa katikati ya kazi. Ilikuwa hatua sita au saba kutoka niliposimama mpaka kibarazani. Ningeweza kwenda kuutoa ule wa pili. Ningeweza kusema maneno matatu tu: "Mama, umebaki mmoja." Lakini kusema hivyo kulikuwa ni kukiri kwamba nilimwangalia, kichwa wazi na kanga kiunoni, nikamwangalia mpaka mkononi. Nikasema moyoni kwamba ni mtu mwangalifu, anaifanya kazi hii kila siku, atakumbuka. Nikazunguka kwenda mbele ya nyumba.

"Shikamoo mama," nilisema kupitia ukutani.

"Marahaba, baba. Za Mkonze?"

"Nzuri, mama. Samahani, nimekuja kwa haraka."

"Karibu. Zabibu zimo kwenye ndoo hapo mlangoni, jirani ameshazichuma. Na ile swichi, baba?"

Hakuwahi kuniuliza mwenyewe kabla ya hapo. Sauti yake haikuwa na lawama hata kidogo.

"Bado, mama," nilisema. "Wiki ijayo."

Nikabeba ndoo nikaondoka. Yeye, nilivyokuja kuelewa baadaye, alikaa ndani mpaka aliposikia pikipiki ikiwaka, ili asinikute tena. Ule waya aliokimbia nao alikuwa ameuweka kitandani. Aliporudi kibarazani hakuwa na mweupe mkononi, na ule wa pili kitambaa chake kilikuwa kimeshachakaa kikawa rangi ya vumbi, umelala nyuma ya betri. Akaamini zote zimeshatoka. Akachukua mwekundu.

Nilikuwa getini kwa bosi, kule Makole. Alikuwa amechukua kichala, anakula zabibu mojamoja amesimama, ananiambia hizi ndizo zabibu, zile za sokoni zinatudanganya. Simu ikaita. Alikuwa yule jirani. Alisema betri imepasuka, maji yake yamemwingia mama usoni, amemmwagia maji ya tangi ndoo kwa ndoo na sasa wanatafuta gari. Bosi alikuwa bado anatafuna. Nakumbuka nilimwambia asante, sijui asante ya nini.

Hospitali walisema maji yale ya jirani ndiyo yaliyookoa jicho la kushoto. La kulia halikuokoka.

Siku ya tatu walituruhusu kuingia wote. Mama alikuwa amefungwa bandeji macho yote mawili. Mke wangu alikaa kitandani kwake, mimi nikasimama miguuni pa kitanda. Ilikuwa mara ya kwanza ningeweza kumtazama mama mkwe wangu nitakavyo bila kumvunjia heshima, kwa kuwa hakuwa na macho ya kuona kwamba namtazama. Nilitazama sakafu.

"Mkwe wangu yupo?" aliuliza.

"Yupo, mama."

"Mwambie asijilaumu. Yeye alifundisha vizuri. Ni mimi niliyesahau waya mmoja."

Mke wangu akageuka, akanitazama, akarudia neno kwa neno. Anasema usijilaumu. Anasema ulifundisha vizuri. Maneno yalisafiri hatua mbili kutoka mdomo hadi mdomo, nami nikayasikia mara mbili. Nikasema, "Mwambie apone haraka." Ni hilo tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikamtakia afya njema kama kadi ya dukani.

Usiku ule na mingine iliyofuata nilimchukia kila mtu aliyenipa pole. Mashemeji zangu walinipa pole. Pale ofisini walinipa pole. Mzee mmoja wa ukoo alisema kwamba mkwe aliyehangaikia kumnyweshea mama mizabibu yake ni mtoto wa kumzaa. Nilipokea pole zote kwa mkono wa kulia kama mtu mwenye haki nazo.

Jumamosi nikachukua bisibisi, nikaifungua swichi ukutani. Mke wangu alisimama mlangoni akiniangalia. Sikumweleza naipeleka wapi. Tukaenda wote Makutupora, nikafunga betri mpya, nikaifunga swichi kibarazani, nikasukuma mkono juu na taa ya kuchaji ikawaka. Nikashusha, pampu ikaanza kuvuta na maji yakasikika yakianguka kwenye tangi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika ugali.

"Kumbe inafaa," mke wangu alisema.

Aliingia ndani kufagia chumba cha mama. Tulirudi Mkonze, na kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa ananipakulia chakula na kwenda kukaa nje. Kule ukutani, juu ya televisheni, matundu manne ya skrubu yalibaki wazi. Nilikuwa na saruji ya kuyaziba, ila sikuyaziba.

Mama akaruhusiwa kurudi nyumbani. Miezi ikapita. Miche mingine ilikuwa imekufa kiu katika zile siku, iliyobaki ikashika. Nilizoea kwenda kila baada ya majuma mawili kuongeza maji ya betri, na kila mara niliondoka bila kuisema ile kweli. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeficha mpaka nimechoka. Mchana mmoja nikasimama nyuma ya dirisha, palepale nilipomfundishia, nikasema kabla sijapata muda wa kujizuia.

"Mama, ile swichi haikuwa Dar. Ilikuwa kwangu, nimeifunga ukutani, natazamia mpira. Kila ulipouliza nilikudanganya. Na siku ile niliuona waya mkononi mwako, nikajua umebaki mmoja, nikanyamaza."

Kule ndani kijiko kilikuwa kinagonga sufuria. Kikaacha kugonga.

"La waya sikulijua," alisema. "La swichi nilijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Ulipokwenda safari ya kikazi nilikuja Mkonze kumwona mjukuu. Nikaiona pale juu ya televisheni, ina mkono mweusi, kama mwanangu alivyonieleza itakavyokuwa. Nikajua ndiyo yenyewe."

"Na ulikuwa unaniuliza bado?"

"Ningekuambia nini, baba, mkwe wangu? Nilikuwa nakuuliza ili upate pa kuanzia kusema."

Alikuwa akiniuliza ili nipate pa kuanzia. Mara tatu kupitia kwa binti yake na mara ya nne kwa sauti yake mwenyewe, na mimi nikasema wiki ijayo. Nilikaa chini pale nje, mgongo ukutani, nikalia kama mtu aliyefiwa, na sikujali nani ananiona. Mama hakunibembeleza wala hakuniambia ninyamaze. Akaacha mpaka nikamaliza.

"Nina jambo moja nataka kukuomba," alisema.

Nikamwambia aseme lolote.

"Siku nyingine ukija, kohoa ukiwa mbali. Ukitokea upande wa mizabibu mimi sikuoni tena."

Ule ndio upande wake wa kulia. Wiki iliyofuata nilifika jioni, na kabla sijafika nilimwona kwa mbali kati ya majani, amesimama kibarazani na mkono wake umeelekea swichi. Alikuwa hajaniona. Ningeweza kusogea hadi nimguse bega bila yeye kujua. Nikakohoa. Akashusha mkono wa swichi mpaka mwisho, pampu ikawaka, akajifunga kanga yake polepole na kuingia ndani.

Siku hizi naanza kukohoa tangu shamba la jirani. Yule jirani amewahi kuniuliza kama nimepima kifua. Ninakohoa, nasimama, nakohoa tena, na siondoki pale nilipo mpaka nisikie maji.